Kibali cha Dola Tano

Baraza la Wawakilishi la jimbo la North Carolina, Marekani, lina viti 120. Jumatano ya Machi 29, 2023, viti vitatu vilikuwa vitupu, vyote vya chama cha Democratic. Kati ya wabunge 117 waliokuwemo ukumbini, 71 walisema ndiyo na 46 wakasema hapana. Kura hizo zilitengua turufu ya Gavana Roy Cooper, na sheria iliyotungwa mwaka 1919 ikafutwa palepale. Tangu siku hiyo, mkazi wa jimbo hilo anayetaka kununua bastola halazimiki tena kwenda kwa sherifu wa kaunti yake kuomba kibali.

Hesabu ya siku ile inastahili kurudiwa polepole. Kutengua turufu ya gavana kunahitaji asilimia 60 ya wabunge waliohudhuria. Republican walikuwa na viti 71, wala si kimoja zaidi. Wangehudhuria wabunge wote 120, zingehitajika kura 72 na turufu ingesimama. Angekosekana Democrat mmoja tu, bado zingehitajika 72. Walikosekana watatu, 71 zikatosha. Mmoja wa watatu hao, Tricia Cotham, alihamia Republican wiki iliyofuata. Asiyekuwepo na lake halipo, na mara chache msemo huo umewahi kuthibitishwa kwa tarakimu namna hii.

Siku mbili kabla ya kura hiyo, katika jimbo jirani la Tennessee, mtu mwenye silaha aliingia katika shule ya Covenant jijini Nashville na kuua watoto watatu wa miaka tisa pamoja na watu wazima watatu. Huenda ungetarajia wabunge wasogeze kura mbele, hata kwa wiki moja, kwa heshima ya msiba. Haikusogezwa. Waliokuwa wakiisukuma walikuwa wameisubiri kwa muda mrefu mno.

Kibali chenyewe kilikuwa karatasi. Ada yake ilikuwa dola 5, na kila karatasi ilitosha bastola moja. Aliyetaka tatu alilipa 15. Kilidumu miaka mitano. Mwombaji alifika katika ofisi ya sherifu wa kaunti, ambaye Marekani ni mkuu wa usalama anayechaguliwa kwa kura kama mbunge. Alionyesha kitambulisho, akathibitisha kuwa ni mkazi, akaeleza silaha anaitakia nini: kulinda nyumba, biashara, nafsi, familia au mali yake, kulenga shabaha, kuwinda, au kuiweka tu kama mkusanyaji. Sherifu alikuwa na siku 14 za kujibu. Katika siku hizo alipekua rekodi za jinai na za mahakama, kisha akajiridhisha kwamba mwombaji ni mtu wa mwenendo mwema.

Mwenendo mwema! Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kufuata barua ya serikali ya mtaa ili afungue akaunti benki anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Karatasi haina tabu. Tabu ni yule aliyeshika muhuri. North Carolina ina kaunti 100, kwa hiyo kulikuwa na mihuri 100. Sherifu huyu alitosheka na fomu na kitambulisho. Yule alitaka wadhamini wa kumsemea mwombaji. Mwingine alitaka ruhusa ya kufukua rekodi zake za afya ya akili. Ilibidi bunge la jimbo liingilie kati mwaka 2015 na kuweka mipaka ya yale ambayo sherifu anaruhusiwa kumdai mtu.

Lakini karatasi hiyo ilikuwa na kazi moja ambayo hakuna kingine kilichoifanya. Sheria ya shirikisho inamtaka mwenye duka la silaha lenye leseni amchunguze mnunuzi kupitia mfumo wa kitaifa wa kompyuta, ulioanza kutumika mwaka 1998. Haimdai uchunguzi huo mtu binafsi anayeuza silaha yake mwenyewe. North Carolina ilimdai. Jirani akitaka kumuuzia jirani bastola kuukuu, hata wakiwa wamekaa barazani na bei wameshapatana, mnunuzi alipaswa kutoa kibali, na muuzaji alikichukua na kubaki nacho. Zawadi nayo ilihesabiwa. Kwa miaka mingi hata pinde za mitambo zilikuwa chini ya sheria hiyohiyo, jambo ambalo wawindaji hawakulipenda hata kidogo. Ukija kufuatiliwa kwa silaha uliyoiuza, ile karatasi kwenye droo ndiyo iliyokuwa kinga yako.

Walioiua sheria hii wana jina linalojieleza: Grass Roots North Carolina. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1994 na Paul Valone, rubani wa ndege za abiria, na mafanikio yake makubwa ya mwanzo yalikuja mwaka uliofuata, jimbo liliporuhusu raia wenye leseni kubeba bastola iliyofichwa. Ukitegemea sinema utadhani watu wa namna hii kazi yao ni kuandamana na bunduki begani. Sehemu kubwa ya kazi yao ni ya kuchosha na haina picha nzuri kwa gazeti. Muswada unapofika kwenye kamati, wanachama hutumiwa taarifa yenye majina ya wabunge wa kamati hiyo, namba zao za simu, na maneno ya kusema. Uchaguzi unapokaribia, wagombea hutumiwa dodoso, majibu yao hulinganishwa na kura walizowahi kupiga, kisha kila mmoja hupewa nyota kadiri ya msimamo wake. Katika mchujo wa ndani ya chama, ambako wapiga kura ni wachache na wenye hamasa ndio hujitokeza, nyota hizo humtoa mtu jasho.

Mwaka 2013 walijaribu kukifuta kibali kupitia muswada mkubwa wa silaha. Kifungu kiliondolewa. Mwaka 2015 walijaribu tena, kikaondolewa tena. Kilichowazuia si chama cha Democratic, kwa kuwa Republican ndio walioshika bunge miaka hiyo. Kilichowazuia kilikuwa chama cha masherifu wa jimbo. Mbunge wa Republican kutoka kaunti ya vijijini anaweza kumpuuza mwanaharakati wa Raleigh, makao makuu ya jimbo, lakini kumkasirisha sherifu wake, anayejuana na kila mtu pale nyumbani, ni habari nyingine.

Hoja iliyokuja kupenya ni ile ya historia, na hapa inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1898, katika bandari ya Wilmington, watu weupe wenye silaha waliipindua kwa nguvu serikali ya mji iliyochaguliwa kihalali, ambayo weusi walikuwa na sehemu ndani yake. Walichoma ofisi ya gazeti la Alex Manly, mhariri mweusi, wakaua watu mitaani. Kabla ya siku hiyo weusi walikuwa wamekwenda madukani kutafuta silaha za kujilinda, na wafanyabiashara wakakataa kuwauzia. Upande wa pili, matajiri wa mji walikuwa wamechangishana fedha na kununua bunduki ya mfululizo, ikapitishwa barabarani juu ya mkokoteni. Miaka miwili baadaye katiba ya jimbo ilirekebishwa, na kwa mtihani wa kusoma na kodi ya kupigia kura, weusi karibu wote wakaondolewa kwenye daftari la wapiga kura.

Sheria ya kibali ilikuja mwaka 1919, wakati askari weusi walikuwa wakirejea kutoka Vita Kuu. Haikutaja rangi ya mtu. Lakini ilimwachia ofisa wa kaunti aamue nani ana mwenendo mwema, na ofisa huyo alikuwa amechaguliwa na weupe karibu peke yao. Mtu hahitaji shahada ya sheria kujua muhuri ulikuwa ukigonga wapi.

Yupo mwana wa jimbo hilo ambaye Watanzania wa zamani huenda wanamkumbuka. Robert F. Williams wa mji wa Monroe, mkongwe wa jeshi la majini na mwenyekiti wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, aliwapanga wenzake wenye bunduki mwaka 1957 kulinda nyumba ya daktari mweusi dhidi ya msafara wa kundi la kibaguzi la weupe, Ku Klux Klan. Klan walipofika walikutana na risasi, wakatimua mbio. Baada ya hapo ndipo halmashauri ya mji, iliyokuwa haioni tatizo, ikaona umuhimu wa kupiga marufuku misafara ya Klan isiyo na kibali cha mkuu wa polisi. Williams alikimbia Marekani mwaka 1961, akaishi Cuba, kisha China. Safari yake ya kurudi kwao mwaka 1969 ilipitia Tanzania. Kitabu chake cha mwaka 1962, *Negroes with Guns*, bado hutajwa kila mara mjadala huu unapofufuka.

Basi wanaharakati wa Grass Roots North Carolina na washirika wao bungeni walikuwa na ghala zima la ushahidi, na walilitumia. Kibali, walisema, ni masalia ya enzi za ubaguzi. Mwaka 2021 jarida la sheria la Chuo Kikuu cha North Carolina lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba katika kaunti ya Wake, yaliko makao makuu ya jimbo, waombaji weusi walikataliwa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya weupe. Kwa hiyo hii haikuwa hadithi ya babu tu. Yalikuwa mambo ya juzi.

Sasa tazama kitendawili. Uchaguzi wa mwaka 2018 ulileta masherifu weusi katika kaunti zote saba zenye watu wengi zaidi jimboni, Wake ikiwemo. Yaani muhuri ulipofika katika mikono ya weusi baada ya miaka mia moja, ndipo wabunge walipogundua kuwa ni wa kibaguzi. Na wengi wa wabunge weusi, warithi wa hao waliofukuzwa Wilmington, walipiga kura ya kukitetea kibali. Walikuwa wakizika vijana katika majimbo yao ya uchaguzi, na waliona kizuizi chenye doa ni bora kuliko kukosa kizuizi kabisa. Nani alikuwa na haki ya kuisemea historia hiyo? Nimesikiliza pande zote mbili na siwezi kumtuhumu yeyote kwa uongo. Ubaguzi ulikuwepo, na mazishi yalikuwepo.

Kilichobadilisha mizani, kwa maoni yangu, ni kitu kidogo zaidi kuliko historia: foleni. Machi 2020 korona ilipoingia, watu walimiminika kununua silaha. Machi 24 sherifu wa Wake, Gerald Baker, alitangaza kwamba hapokei tena maombi ya vibali hadi Aprili 30, kwa sababu ya wingi wa maombi na hofu ya maambukizi. Bila kibali hakuna bastola, hivyo kwa tangazo moja raia wa kaunti ya watu zaidi ya milioni moja walisimamishwa. Siku chache tu zikapita, Grass Roots North Carolina na wenzao wakawa mahakamani, na ofisi ikafunguliwa tena. Mecklenburg, kaunti ya jiji la Charlotte, nayo ikaja kushtakiwa kwa kuchelewesha leseni za kubeba silaha.

Kwa mwanaharakati, tangazo la Baker lilikuwa zawadi. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kujali siasa za bunduki, ambaye pengine alimpigia kura Baker mwenyewe, sasa alikuwa na malalamiko ya njoo kesho, njoo keshokutwa. Kumfafanulia haki za kikatiba ni kazi ndefu. Kumwonyesha mlango uliofungwa hakuhitaji maelezo.

Masherifu nao wakachoka. Mwaka 2021 chama chao kiligeuka na kuunga mkono kufutwa kwa kibali. Hoja yao ilikuwa ya kiutendaji na haikuwa mbaya. Mwenye kibali aliruhusiwa kununua dukani bila kuchunguzwa upya kwenye kompyuta ya taifa, na kibali kilidumu miaka mitano. Mtu angeweza kukipata akiwa safi, akatiwa hatiani mwaka wa pili, na karatasi yake mwaka wa tatu ikawa bado inafungua milango kama hakuna aliyeirudisha. Bila kibali, duka litamchunguza siku ileile anaponunua. Muswada ukapita, na Agosti mwaka huo Cooper akauwekea turufu, akisema sheria za vibali hupunguza mauaji na watu kujiua kwa bunduki. Turufu ilisimama. Miezi kumi baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi wa Bruen, ikaangusha sheria ya New York iliyomtaka mwombaji wa leseni ya kubeba bastola athibitishe kuwa ana sababu maalumu. Mamlaka ya ofisa kumpima raia kwa jicho lake sasa yalikuwa yananuka hata mahakamani.

Uchaguzi wa Novemba 2022 ukawapa Republican viti 30 kati ya 50 vya Seneti, kiwango kamili cha kutengua turufu, na vile 71 vya Baraza la Wawakilishi. Muswada ulirudi mwaka 2023, safari hii ukiwa umefungwa pamoja na kifungu kinachoruhusu wenye leseni kubeba silaha katika makanisa yenye shule, na kampeni ya kuhimiza watu kuhifadhi silaha zao kwa usalama. Mengine unayajua. Tangu mwaka 2018 hakuna turufu ya Cooper iliyokuwa imetenguliwa. Hii ndiyo iliyofungua njia.

Waliopinga nao walikuwa watu wa mashinani. North Carolinians Against Gun Violence, chini ya Becky Ceartas, pamoja na akina mama wa Moms Demand Action, walijaza kumbi za kamati na kupiga simu zao wenyewe. Ushahidi wao mkubwa ulitoka Missouri. Jimbo hilo lilifuta kibali kama hicho mwaka 2007, na utafiti wa Daniel Webster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliochapishwa mwaka 2014, ulihusisha hatua hiyo na ongezeko la karibu robo la kiwango cha mauaji kwa bunduki. Wapinzani wao walijibu kwamba Missouri ilikuwa na matatizo yake mengine, na kweli ilikuwa nayo. Ila hata ukiupunguza uzito ushahidi huo, bado unabaki na kitu mkononi.

Agosti 28, 2023, miezi mitano baada ya kura ile, mwanafunzi wa uzamivu alimpiga risasi na kumuua mwalimu wake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Sitaki kuliunganisha tukio hilo na kufutwa kwa kibali. Hilo ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi na halifai kusemwa kwa hasira. Ninalolitaja ni kwamba Septemba wanafunzi walisafiri hadi Raleigh kupaza sauti bungeni, na wakajifunza kwa siku moja kile ambacho Valone alikijua tangu 1994. Bango hupigwa picha. Sheria hubadilishwa na anayerudi mwaka ujao, na ule unaofuata, hata kamera zikiwa zimeondoka.

Nisiwe mnafiki, nina upande katika jambo hili. Naona hoja ya ubaguzi ilikuwa ya kweli, lakini tiba waliyoichagua haikuwa ya ugonjwa huo. Kama tatizo lilikuwa muhuri, wangeunyang'anya hiari yake: futa neno "mwenendo mwema", orodhesha kwenye sheria makosa yanayomnyima mtu silaha, toa kibali bure, weka adhabu kwa ofisi inayovuka zile siku 14 za kujibu. Mweusi wa Wake angetendewa kama mweupe wa Wake, na jirani anayemuuzia jirani angebaki na kitu cha kudai. Dosari waliyoitaja masherifu ya miaka mitano ingerekebishwa kwa sentensi moja. Hayo yote yangewezekana katika bunge linalotaka kurekebisha. Waliotengeneza siku ile ya Machi hawakuficha kwamba walitaka kufuta.

Matokeo yake ni haya: dukani mnunuzi anachunguzwa, pengine vizuri kuliko zamani. Katika maegesho ya magari, kati ya watu wawili waliokutana kupitia tangazo, hachunguzwi na mtu yeyote. Muuzaji bado anakatazwa kumuuzia mtu anayemjua kuwa ni mhalifu. Asiyemjua, na asiyeuliza, hana karatasi ya kupokea wala droo ya kuiwekea.

Grass Roots North Carolina hawakupumzika. Mwaka 2025 walikuwa nyuma ya muswada mkubwa zaidi: raia mwenye miaka 18 na kuendelea abebe bastola iliyofichwa bila leseni yoyote. Leseni hiyo wakati huo ilitolewa na sherifu kwa wenye miaka 21 kwenda juu, kwa ada ya dola 80, alama za vidole na mafunzo darasani na uwanjani. Muswada ulipita mwezi Juni, Gavana mpya Josh Stein akauwekea turufu, na Julai Seneti ikaitengua. Baraza la Wawakilishi likaanza kuahirisha kura yake, tarehe baada ya tarehe, kwa kuwa Republican walikuwa na viti 71 vilevile na wawili wao walishasema hapana. Chama cha masherifu, kilichokubali mwaka 2021 kwamba kibali cha dola 5 kimepitwa na wakati, safari hii kilikuwa upande wa waliopinga.